Kozi ya data hapa Arusha: kazi nimepata, lakini picha yangu waitoe

Naandika nikiwa na hasira, sifichi. Juzi rafiki yangu kanitumia tangazo la kituo kimoja cha mafunzo ya kompyuta hapa mjini. Katikati ya tangazo ipo picha yangu, na chini yake jina langu na maneno kwamba mimi ni mhitimu wao niliyepata ajira ya uchambuzi wa data kutokana na mafunzo yao bora. Hakuna aliyeniomba ruhusa. Sasa hayo mafunzo bora nitayaeleza mimi mwenyewe, ili anayetaka kutoa laki zake ajue anachonunua.

Nilijiunga kipindi cha masika, kazi ya kupokea oda kwenye kampuni ya utalii ilipokuwa imepoa. Kozi ilikuwa ya Excel, SQL (lugha ya kuchota taarifa kwenye hifadhidata) na Power BI (programu ya kugeuza data kuwa grafu). Mwanzoni sikuwa na neno. Tulipewa mafaili ya mazoezi ya Kimarekani, mauzo ya baiskeli na samani, yameshasafishwa kila kitu. Unabofya, grafu inatoka, darasa zima tunajiona wataalamu.

Shida ilianza siku niliyokuja na faili la kwetu la oda. Nililiombea idhini kwa bosi, nikaondoa majina ya wageni, nikabakiza tarehe, nchi wanazotoka na idadi ya usiku. Sisi tarehe tunaanza na siku: 04/07 ni tarehe nne mwezi wa saba. Kompyuta za kituo zilikuwa kwenye mpangilio wa Marekani, unaoanza na mwezi, kwa hiyo Power BI ikaisoma kuwa tarehe saba mwezi wa nne. Tarehe zote kuanzia 13 na kuendelea ziligoma na kuandikwa Error, maana mwezi wa kumi na tatu haupo. Hizo afadhali, unaziona. Za hatari ni zile za 1 hadi 12, zilizopita kimya kimya zikiwa zimegeuzwa. Grafu ilipotoka, Julai, ambapo mjini hapa gari la safari hulipati hata kwa kubembeleza, ulikuwa karibu hauna wageni. Aprili ya mvua, ambapo kambi nyingine hufungwa kabisa, eti ina wageni! Mtu yeyote wa Arusha angeshtuka.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani, naomba uniangalizie, tarehe zangu zimevurugika."

Hakusogea hata hatua moja. Akajibu palepale mbele, kwa sauti ya kusikika hadi mapokezi: "Dada, hapa tunafuata silabasi. Kazi za bosi wako kafanyie ofisini kwako."

Watu wakacheka. Mimi niliyelipa ada yote kwa mkupuo nikabaki nimeinamia kioo. Na sasa nasema wazi: yule kaka hakuwa anajua jibu. Angelijua, lisingemchukua muda wowote.

Aliyenisaidia ni mwanafunzi mwenzangu anayetokea Moshi, kijana anayeingiza data za utafiti wa afya. Wakati wa chai alikuja akakaa pembeni yangu. Kwanza alifuta ile hatua ya kubadili aina ambayo programu hujiwekea yenyewe. Kisha akabofya kulia kwenye kichwa cha safu, akaingia Change Type, akachagua Using Locale, yaani kwa mpangilio wa nchi fulani, aina akaweka tarehe, lugha akaweka Kiingereza cha Uingereza. Safu nzima ikanyooka na Julai yangu ikarudi. Kijana mpole kabisa, wala hakutaka hata soda.

Nisiwe mwizi wa fadhila. Mama anayefundisha SQL jioni ni mwalimu hasa. JOIN, amri ya SQL ya kuunganisha majedwali, alitufundisha kwa daftari la duka: jedwali la wateja huku, la madeni kule, halafu anauliza, "Mteja asiyedaiwa mnataka aonekane au asionekane?" Ukishajibu hilo, LEFT JOIN, ile inayombakiza hata asiyedaiwa, umeielewa na huisahau. Kwa ajili ya mama huyu peke yake ningewaambia nendeni.

Usaili wa kazi niliofanya Njiro, hapa hapa Arusha, ulidhihirisha hayo. Nilipewa laptopu na faili chafu: namba za simu zimepoteza sifuri ya mbele, neno Arusha limeandikwa kila mtu na lake, tarehe nyingine ni maandishi tu. Hakuna aliyetaka grafu za rangi. Walitaka kuona nasafishaje. Nilichotumia siku ile ni cha yule mama na yule kijana. Mkufunzi wa Power BI hana hata chembe yake humo. Hata ile ahadi ya kumaliza ukiwa na dashibodi zako (kurasa za grafu) mtandaoni za kuonyesha waajiri, siku ya mwisho ndipo tunaambiwa huduma ya Power BI haipokei Gmail, inataka barua pepe ya kazini au ya chuo. Walishindwa nini kutuambia tulipokuwa tunalipa?

Halafu wananibandika kwenye tangazo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022 na imeanza kutumika 1 Mei 2023. Hawa wanafundisha watu kushika data za watu wengine! Nilipopiga simu, dada wa mapokezi akanijibu, "Si unatangazwa bure, unalalamika nini?" Hadi naandika hapa, picha ipo.

Nilikuwa nimeshaandika nyota tatu, kwa heshima ya mama wa SQL. Nimefuta. Nawapa moja, na hiyo moja ni yake. Ukiamua kwenda, muulizie yeye na usome zamu yake ya jioni. Hiyo ya Power BI, kabla hujalipa beba faili lako la kazini, limetolewa majina, mwombe mkufunzi alifungue mbele yako. Akianza habari za silabasi, ondoka na hela yako.