Nani mwenye meno kwenye silaha za nyuklia: Kongresi ya Marekani au Bunge la Uingereza?

Washington, meno yapo kwenye fedha. Sheria ya ulinzi ya kila mwaka imekuwa ikizuia hela kutumika kupunguza makombora ya masafa marefu ya ardhini yawe chini ya 400, rais apende asipende. Ipo pia sheria ya Nunn-McCurdy: gharama zikizidi makadirio ya sasa kwa 25%, au ya awali kwa 50%, mradi unafutwa isipokuwa Waziri wa Ulinzi athibitishe kwa maandishi kwamba ni muhimu kwa usalama wa taifa na hauna mbadala wa gharama nafuu. Sentinel, mradi wa kombora jipya la nyuklia la kurithi lile la zamani la Minuteman III, ilinaswa na sheria hiyo Januari 2024. Tatizo kubwa halikuwa kombora lenyewe, bali mashimo na vituo vya kulirushia. Julai Wizara ya Ulinzi ikauthibitisha mradi kwa takriban dola bilioni 141, ongezeko la 81%. Kwa hiyo sheria ilitoa aibu, maelezo na agizo la kuupanga mradi upya, basi.

London, wabunge walipiga kura 18 Julai 2016, 472 kwa 117, kuunga mkono nyambizi mpya nne za kubeba makombora ya nyuklia. Lakini Machi 2021 serikali ilipandisha kikomo cha vichwa vya nyuklia hadi 260, ilhali lengo lilikuwa kushuka hadi 180, tena ikaacha kutangaza idadi iliyo tayari kutumika. Kura? Hapakuwa na kura.

Kwenye mikataba, Seneti ya Marekani hudai theluthi mbili ya kura. New START, mkataba na Urusi wa kupunguza silaha za nyuklia, ilipita 71 kwa 26 mwaka 2010. Uingereza inatosha mkataba ukae bungeni siku 21 za vikao bila pingamizi.