Spana ya toki imeniokolea mashine ya kusaga, uzoefu wangu

Wakuu hii spana ya toki, yani ile inayopima nguvu unayokazia nati na kulia tik ikifika kipimo ulichoseti, ninayo tangu msimu uliopita wa mahindi, kwa hiyo naongelea kitu nimekitumia kwa mikono yangu. Nina mashine ya kusaga huku Kilosa, injini yake ni ile S195 ya Kichina, silinda moja, 12 HP, ya tanki la maji juu. Msimu mmoja nilibadilisha gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi, kifuniko cha silinda, na bloku) mara mbili, na kila mara fundi alikaza kwa spana ya kawaida kachomeka na bomba, anavuta mpaka mwenyewe anaona basi imetosha, baada ya wiki tatu shida ileile na akina mama wamepanga madebe nje.

Dalili zilikuwa hivi, ukiwasha asubuhi maji yakiwa bado ya baridi unaona mapovu kwenye tanki, hapo maji hayachemki, huo ni moto wa silinda unapenya. Halafu ukizungusha hendeli pole pole bila kushika kileva cha kulegeza kompresheni inapita kirahisi, wakati injini isiyo na tatizo inakurudisha. Nikapaka maji ya sabuni kwenye maungio ya hedi na bloku nikaizungusha, upande wa chini povu likatoka, na palikuwa na masizi yenye mafuta.

Ndo nikanunua hii spana, ya soketi za nusu inchi, mwisho wake 340 Nm (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Angalieni hapa jamani, kitabu cha injini kinaandika nguvu ya kukaza kwa kgf·m (kilo kwa mita, siyo kilomita) na spana inasoma Nm, lazima uzidishe kwa 9.8, mimi nilirudia hesabu mara tatu kabla sijagusa nati. Injini ikiwa ya baridi nikaiseti chini kidogo ya kipimo cha kitabu nikajaribu nati moja moja, nyingine zikalia tik palepale, mbili zikazunguka karibu robo nzima ndo zikalia. Yani zilikuwa zimelegea muda wote huo na mimi nalaumu gasketi za dukani!

Kuzikaza tu hakukutosha, mapovu yalipungua ila hayakuisha maana gasketi ilishaungua ukingoni. Nikaweka mpya, nikasafisha nyuzi za stadi (bolti zinazoshika hedi) nikazipaka oili kidogo, nikakaza kwa kuvuka, yani nati moja kisha ya upande wa pili, mara ya kwanza nusu ya kipimo, kisha robo tatu, kisha kamili. Nikasagisha siku moja, ikapoa usiku kucha, asubuhi nikarudia na kila nati ikasogea kidogo, kwa sababu gasketi mpya inabonyea ikipata moto. Hii hatua ndo haikuwahi kufanyika hata siku moja kwangu. Ukimaliza pima nafasi ya valvu, hedi ikishuka nafasi hiyo inapungua, mimi naweka milimita 0.35 valvu ya kuingiza hewa na 0.45 ya kutoa moshi, injini ikiwa baridi.

Mabaya yake: ni ndefu, kwenye kibanda changu inagonga ukuta, na namba zimechorwa ndogo mno jioni huzioni bila tochi. Usiitumie kufungulia nati, na ukimaliza irudishe kipimo cha chini kabisa ndo uiweke, springi isichoke.

Nilichora alama ya rangi kwenye kila nati. Juzi nimekagua, hakuna iliyohama, na tanki asubuhi limetulia kabisa.