Scribus kwa kazi za kuchapisha: kingo safi, ila uwe na subira

Kazi zangu nyingi ni kadi za biashara, vipeperushi na mialiko ya harusi, na karibu zote huishia kwenye mashine ya ofseti. Scribus, programu ya kupanga kurasa za kuchapishwa, niliichagua kwa sababu ni ya bure na inaielewa karatasi. Programu nyingi za bure za usanifu zimetengenezwa kwa ajili ya skrini.

Ukianza faili jipya unaweka blidi hapo hapo, yaani rangi ya ziada inayovuka mstari wa kukatia. Kadi ya milimita 85 kwa 55 naiongezea milimita 3 kila upande, kwa hiyo rangi ya nyuma inafika 91 kwa 61. Mashine ya kukatia hukata rundo zima kwa mpigo mmoja na karatasi husogea. Bila ile ziada, kadi nyeusi inatoka na kamstari keupe pembeni. Maandishi nayo nayaingiza ndani angalau milimita 3. Fremu nyembamba ya kuzunguka kadi huwa nawakatalia wateja kabisa. Kisu kikihama nusu milimita tu, upande mmoja unanenepa na wa pili unakonda, na hilo hakuna faili linaloweza kulizuia.

Nilipoipendea hasa ni kwenye herufi. Maandishi madogo meusi yakichanganywa rangi zote nne za CMYK (samawati, majenta, njano na nyeusi, yaani K), pleti za kuchapia rangi hizo zikipishana kidogo kila herufi inavaa kivuli cha samawati au waridi. Humu nachagua nyeusi ya K asilimia 100 peke yake, na hata namba ya simu ya pointi 6 inatoka kali. Nembo naiingiza kama faili la SVG kutoka Inkscape, programu ya kuchorea, inabaki vekta, yaani mchoro wa mistari usiopoteza ukali ukikuzwa. Ile aliyoipiga skrinishoti mteja kwenye WhatsApp naichora upya, na gharama naiweka kwenye bili bila aibu.

Kabla ya kutoa PDF inakagua yenyewe: picha zenye pikseli chache, maandishi yaliyofurika nje ya fremu, fonti isiyo na herufi fulani. Halafu unawasha blidi na alama za kukatia. Angalia hapa kwenye PDF/X, aina za PDF za kupeleka kwa mchapaji: PDF/X-3 haikubali vitu vyenye uwazi, kama vivuli laini, X-4 inavikubali. Muulize mchapaji wako anapokea ipi. Na X-3 haichaguliki mpaka uwashe usimamizi wa rangi, jambo linaloweza kumpotezea mgeni mchana mzima.

Sura yake ni ya kizamani, na kuhariri maandishi marefu kunachosha. Kama kazi zako ni za posti za Instagram tu, usijisumbue nayo.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Ya tano imeliwa na majedwali: kupanga orodha ya bei za mgahawa humo kunakutoa jasho.