Siti ya pikipiki ya Boxer kwa fundi wa barazani, Chang'ombe Dodoma: sponji mlipe, kava katafute kwingine

Sponji lake nampa tisa kati ya kumi. Kava nampa nne, na moja kati ya hizo nne ni ya ucheshi wake.

Fundi huyu hana duka wala kibao. Anafanyia kazi barazani nyumbani kwake, Chang'ombe hapahapa Dodoma: cherehani moja, marundo ya sponji, na siti za bodaboda zimeegemezwa ukutani zikisubiri zamu. Nilipofika alinisalimia, "Mbukwa, mama," kisha akachungulia nyuma yangu. "Mwenye pikipiki anakuja?" Nikamwambia mwenyewe ndiye mimi. Akacheka, akavuta stuli, akaanza kazi.

Mimi nachukua zabibu Mpunguzi na Matumbulu, nazileta mjini. Lami ya barabara ya Iringa haina neno. Shughuli inaanza ukishaiacha, ukaingia njia za mashambani zenye mchanga na makorongo. Siti yangu kwa kutumika sana ilikuwa imebonyea mpaka naisikia plastiki ya chini. Na juu ya hapo mimi ni mfupi. Nikisimama mchangani na kreti za zabibu nyuma, vinavyogusa chini ni vidole tu. Mafundi wengine niliowauliza walikuwa na dawa moja: punguza sponji. Yaani nishushwe nikaikalie plastiki vizuri zaidi!

Huyu hakuwa na pupa ya kisu. Alinipandisha kwenye pikipiki akasema, "Kaa unavyokaa ukiwa na mzigo, usikae kama uko kanisani." Akachora kwa chaki mapaja yanapopita na mifupa ya makalio inapotua. Halafu akachonga pembeni, kulia na kushoto, pale siti inapokutana na tanki. Sababu yake aliieleza vizuri: siti ikiwa pana mbele, mapaja yanatanuka, na mguu uliotanuka hauwezi kufika chini wima. Ukiipunguza upana, miguu inashuka yenyewe bila kugusa unene wa pale unapokalia. Leo natua nusu ya mbele ya nyayo zote mbili, na hiyo kwangu inatosha kabisa.

Pale siti ilipobonyea alikata sponji lililokufa akaweka lile gumu la rangi mchanganyiko, la vipande vilivyobanwa pamoja. Juu yake akalaza tabaka laini la sentimita 1. Gumu linabeba uzito, laini linaondoa ukali. Gundi aliyotumia ni ileile ya mafundi viatu: alipaka pande zote mbili, akaacha mpaka haishiki kidole, ndipo akabandika. Pembezoni mwa kiraka alipaka kidogo sana, kwa kuwa gundi nyingi ikikauka inakakamaa na utaisikia kila ukikaa. Mwisho akalainisha kwa msasa aliofunga kwenye drili, na mbele akainua kidogo ili nisiteleze kwenda kwenye tanki kila nikikanyaga breki. Kwa kazi hiyo alichukua shilingi 30,000, na hata angesema 40,000 ningelipa.

Sasa kava. Aliweka leza, yaani ngozi ya bandia, nyeusi, nene, isiyovutika. Iegeshe juani saa sita mchana mwezi wa Oktoba, ukirudi utaendesha umesimama. Kisha akaipamba kwa mishono ya umbo la almasi katikati kabisa, palepale pa kukalia. Vijana wa kijiweni waliisifia mno. Lakini kila tundu la sindano linapitisha maji, na chini yake hakutandika nailoni. Mvua ya Januari ikinyesha usiku, asubuhi unafuta siti inaonekana kavu, ukikaa tu sponji linakamuka na maji yanapanda. Nilipomuuliza alijibu, "Mvua ya Dodoma ni miezi michache, mama." Ni kweli, ila ndiyo miezi inayotupeleka kwenye mavuno ya Februari na Machi, ninapokuwa barabarani kuliko wakati wowote. Pini zake za kubania kava kwenye plastiki ya chini nazo zilikuwa ndefu kupita unene wa plastiki, ncha zimetokeza upande wa pili, na kutu ikawahi.

Kwa hiyo sponji nimebaki nalo, kava nimelitoa mwenyewe nyumbani kwa bisibisi bapa. Fundi makochi mmoja wa Majengo alinishonea jingine kwa 18,000: leza ya kijivu yenye mgongo wa kitambaa kinachovutika, mishono miwili tu, yote ya ubavuni. Kulivisha si kazi ya kutisha. Tandika nailoni juu ya sponji, anika leza juani ilainike, piga pini mbele, kisha nyuma, ndipo ubavuni ukihama huku na huku. Ukimaliza upande mmoja kwanza, mikunjo yote itahamia wa pili. Pini za milimita 6 kwangu zilitosha, na tafuta zisizoshika kutu.

Ukienda kwake mwambie mapema kwamba unataka sponji tu. Anakubali bila kununa. Nenda na pikipiki nzima, usimpelekee siti mkononi, kwa sababu bila wewe kukaa juu hana cha kuchora. Na uvae suruali unayoendeshea kila siku, kwani chaki yake haichagui nguo.