PyVISA kwenye chasisi ya PXI: nyota nne

Napima bodi za elektroniki, na PyVISA ndiyo ninayoifungua kwanza nikifunga mfumo mpya wa PXI, yaani sanduku (chasisi) linalochomekwa kadi za kupimia. Ni maktaba ya bure ya Python ya kuwasiliana na vifaa vya kupimia. Unaorodhesha vifaa vilivyounganishwa, unafungua kimoja, unatuma amri ya utambulisho *IDN?, nacho kinajibu kwa kutaja mtengenezaji, modeli, namba yake na toleo la programu yake ya ndani. Jibu hilo likija tu, roho yangu hutulia.

Muda wa kusubiri jibu ni milisekunde 2000 usipoubadilisha. Kwa kipimo kirefu hautoshi kabisa: programu inakata tamaa wakati kifaa bado kinafanya kazi, na fundi anaanza kuchomoa kebo zisizo na kosa lolote. Ongeza muda kwanza. Kisha angalia herufi za kufunga amri, maana kifaa kinachongoja alama ya mstari mpya kitakaa kimya hadi uitume.

Nyota moja naipunguza kwa sababu moduli (kadi) nyingi za PXI hazielewi amri za maandishi. Hizo zinataka draiva ya mtengenezaji wake, na PyVISA haiwezi kuziba pengo hilo.

Chasisi isipoonekana kabisa, usiilaumu programu. Kama imeungwa kwa kebo na kompyuta ya nje, iwashe chasisi kwanza, halafu kompyuta, kwa kuwa kwa kawaida kompyuta huzitambua kadi hizo inapowaka. Wengi hufuta na kusakinisha upya kila kitu bure!