Waya wa sola wa milimita 6 baada ya miaka minne juu ya bati

Waya wangu wa kwanza ulikuwa na ugonjwa wa mvua. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi inveta (mashine inayogeuza umeme wa sola kuwa wa matumizi ya nyumbani) inaamka, inapima nyaya, inatoa onyo kwamba umeme unavuja kwenda ardhini, kisha inagoma. Ikifika saa nne, jua limekausha paa, inawaka yenyewe kana kwamba hapakuwa na neno. Nilivumilia hali hiyo miezi mingi nikiilaumu inveta. Siku nilipopanda na kuchungulia chini ya paneli ya tatu, nilikuta waya mwekundu wa kawaida wa ndani ya nyumba, wa PVC, umepauka na kupasuka kama tope la bwawa lililokauka. Pale ulipokatiza ukingo wa bati, shaba ilikuwa nje. Ni paneli sita zilizounganishwa kwa mfuatano, volti zake zikijumlishwa: zaidi ya volti 200 za DC (umeme unaokwenda upande mmoja tu) zikiwa hazina mzigo, na shaba tupu inagusa paa ambalo mtu hulipanda kwa mikono mitupu. Fundi aliyeufunga aliniambia waya ni waya. Hilo bado linanikera.

Niliung'oa wote nikaweka waya halisi wa sola, aina ya H1Z2Z2-K, wa milimita 6 za mraba. Huo ndio ninaoutolea maoni, na sasa una miaka minne juu ya paa lile lile.

Nianze na ngozi, maana ndiyo iliyonifanya niununue. Ni tabaka mbili za plastiki iliyofungamanishwa ndani kwa ndani, kwa hiyo haiyeyuki kama PVC inapopata joto kali. PVC ya nyumbani kwa kawaida mwisho wake ni shaba kufikia joto la nyuzi 70; huu umepimwa kwa joto la nyuzi 90 mfululizo, na volti 1,500 za DC. Kiwango cha Ulaya cha EN 50618 kinachousimamia kinapiga hesabu ya ampea kwa hewa ya nyuzi 60, na aliyewahi kuingiza mkono kati ya paneli na bati saa saba mchana ataelewa kwa nini. Mwezi uliopita niliukunja kwa nguvu kwenye kona inayopigwa na jua siku nzima. Haukupasuka, haukuacha unga mweupe kidoleni. Tangu niufunge, inveta haijakosa asubuhi hata moja ya mvua. Kwa ngozi sina la kupunguza.

Shaba yake imegawanywa nyuzi nyembamba nyingi, kila mmoja umepakwa madini ya bati (si bati la paa) ili usiingie kutu ya kijani. Ndiyo maana ukimenya unaona rangi ya fedha. Rangi hiyo pia ni mlango wa ulaghai, kwa sababu aluminiamu nayo ni nyeupe. Kwangua unyuzi mmoja kwa ncha ya kisu: wekundu ukitokea na kuendelea mpaka ndani, ni shaba, weupe ukionekana ndani, urudishe. Soma pia maandishi yaliyochapwa kwenye ngozi kila baada ya kipande kifupi. Waya usio na jina wala kiwango siupandishi paani.

Kuhusu unene, hapa nilikosea. Niliogopa, nikachukua wa 6 nikidhani wa kwanza ulishindwa kwa wembamba. Baadaye nikakaa na kalamu. Zikiwa kazini, paneli zangu zinatoa kama ampea 13 kwa volti 186. Kutoka paani hadi inveta ni mita 18, kwenda na kurudi 36. Waya wa 6 una ukinzani wa omu 3.39 kwa kilomita, kwa hiyo napoteza volti 1.6, chini ya asilimia 1. Wa 4, wenye omu 5.09, ungepoteza volti 2.4, asilimia 1.3. Hata ule wa zamani wa 2.5 ulikuwa unapoteza karibu volti 4 tu, asilimia 2. Yaani haukushindwa kwa wembamba hata kidogo. Uliuawa na jua na ukingo wa bati. Hesabu ingegeuka kama paneli zingeunganishwa sambamba zote (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), ambapo zinazojumlishwa ni ampea, si volti: volti 31 na ampea 78 kwa mita hizo hizo, na hapo hata wa 6 ungepoteza zaidi ya volti 9, karibu theluthi ya umeme wote. Kwa hiyo kabla ya kuuliza unene, uliza paneli zinaungwaje na inveta iko mbali kiasi gani.

Kasoro ninazo. Wa 6 ni mgumu kupinda kwenye nafasi finyu nyuma ya fremu. Kumenya kwa kisu kunakata nyuzi za shaba, lazima upate koleo la kumenyea. Nami nilinunua wote mweusi, nikakaribia kugeuza chanya na hasi. Ilibidi nipime kwa mita ya volti na kuvisha ncha mpira mwekundu.

Shida kubwa ya miaka hii minne haikuwa ya waya, ilikuwa ya konekta, vile viunganishi vya ncha za waya. Paneli zilikuja na konekta za aina ya MC4, dume na jike zinazochomekana, za kampuni moja, mimi nikachomeka za nyingine. Ziliingia na kulia "taka" vizuri kabisa. Mwaka wa kwanza nilipozipima joto, jozi moja ilikuwa nyuzi 78, jirani zake 49. Niliikata siku hiyo hiyo, inveta ikiwa imezimwa na swichi ya DC imekatwa, nikaweka dume na jike za kampuni moja, zilizobanwa kwa koleo lake badala ya plaizi. Sitalegeza kamba juu ya hili: umeme wa gridi wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche hupata upenyo wa kuzimika, DC haipiti sifuri, cheche ikishika inaendelea kula plastiki.

Vifungio vyeupe vya plastiki vilikatika vyote ndani ya mwaka, waya ukaning'inia. Vyeusi vya kuhimili jua vimefika hapa, viwili vimekatika. Klipu za chuma cha pua zinazong'ata fremu hazijasogea, na ndizo nitakazotumia daima. Kwenye ukingo wa bati waya unapita ndani ya bomba lenye tundu dogo sehemu ya chini kabisa, maji yatoke. Chanya na hasi zinakwenda pamoja, bega kwa bega, maana zikiachana zinatengeneza kitanzi kinachokaribisha msukumo wa radi. Na kabla ya kuingia ukutani waya unashuka kidogo chini ya tundu kisha unapanda, mvua inadondokea kwenye kile kipindo.

Upande wa pili wa paa nitaongeza paneli nyingine sita. Nitachukua waya huu huu, wa 4, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, na pesa itakayobaki yote iende kwenye klipu za chuma na konekta.