smartctl ni nzuri sana ila msiishie kwenye PASSED

smartctl, programu ya kusoma afya ya diski, ndio ya kwanza naweka kwenye mashine yoyote ya Linux, hata brauza inasubiri. Inakuja ndani ya kifurushi cha smartmontools, ni ya bure, haina madirisha wala matangazo, unaandika tu sudo smartctl -a /dev/nvme0 (hilo la mwisho ni jina la diski ya aina ya NVMe) na SSD, yaani diski yako ya kuhifadhia data, inajieleza yenyewe.

Sasa pale juu inaandika PASSED, yaani diski imefaulu, na watu wengi wanafunga terminali hapo hapo. Jamani shukeni chini! SSD yangu ya zamani ilikuwa PASSED kila nikiangalia, kumbe mstari wa Media and Data Integrity Errors, unaohesabu makosa ya data, ulikuwa 4, wiki iliyofuata nikakuta 19, na picha zikaanza kugoma kufunguka. Nilihamisha vitu vyangu usiku ule ule kwa sababu ya huo mstari tu, na mpaka diski inakata kabisa bado ilikuwa inasema PASSED. Kwenye diski yenye afya pale panatakiwa pawe 0, ukiona namba inapanda usiulize mara mbili, fanya bakapu.

Kinachochanganya wengi ni Percentage Used, ile ni uhai ulioshatumika sio uliobaki, kwa hiyo 3% ni habari njema, na ikifika 100 diski haifi papo hapo, namba inaweza hata kupita 100, ila ule uhai uliokadiriwa na kiwanda umeisha. Available Spare, ile akiba ya nafasi za ziada, yenyewe inaenda kinyume, inaanzia 100 inashuka, ikifika chini ya ile Threshold iliyoandikwa mstari unaofuata tafuta diski nyingine.

Ninapoikata nyota moja ni kwenye SSD za SATA (zile za muunganisho wa zamani, sio NVMe), kila kiwanda na majina yake ya mstari wa uchakavu, huyu Wear_Leveling_Count yule Media_Wearout_Indicator, mpaka ukae usome. Najua ni viwanda havikukubaliana ila mtumiaji ndio anapata shida. Na diski ikiwa kwenye kasha la USB wakati mwingine mpaka uongeze -d sat kwenye amri, na kuna makasha hayapitishi hizo taarifa kabisa.

Nyota 4 kati ya 5. Ukishaiweka washa na smartd, inakaa nyuma inaangalia diski na kukutumia barua pepe kukiwa na shida, mimi ya kwangu haijazimwa tangu zile picha.